Nani Atanitupia Sahani?

Mchezo wa sahani hauchezwi na mtu mmoja. Ungekuwa mchezo wa kupiga kopo lililokaa juu ya ukuta, ningeucheza peke yangu mpaka giza liingie, na nisingemhitaji mtu. Lakini sahani yetu lazima iruke, na ili iruke lazima mtu airushe, na mtu huyo hawezi kuwa wewe mwenyewe, kwa sababu mikono yako yote miwili iko kazini: mmoja umeshika panda la manati, mwingine umevuta mpira mpaka karibu na sikio. Mwaka huu jambo hilo limenisumbua kuliko masomo yote ya shule.

Tunacheza bondeni, nyuma ya mtaa wetu, kwenye mashimo wanakochimba udongo wa matofali. Siku za kazi kuna wanaume wanaokanyaga udongo, na tanuru linatoa moshi. Siku ya Mungu, watu wakishatoka kanisani, pale panakuwa patupu, ndipo vijana wanashuka na manati zao. Watu wazima wanapenda tuchezee kule. Huku juu jiwe likigonga bati la nyumba watu wanashtuka vibaya, wanadhani ni risasi. Mama anaweza kuwaingiza watoto chini ya kitanda kabla hajauliza ni nini. Bondeni kila mtu anajua ni sisi.

Sahani yenyewe si ya kulia chakula. Ni udongo uleule wa matofali, unaufinyanga mwembamba, mpana kama kiganja, na ukingo unauacha mnene kidogo ili upepo usiibebe ovyo. Unaianika mpaka ikauke. Mtupaji anaingia ndani ya shimo, hata kichwa chake hakionekani. Mpigaji anasimama juu, nyuma ya shimo, na anasema "Leta!" Sahani inatoka ardhini kama ndege aliyeshtuliwa, inakwenda mbele na juu, kushoto au kulia, hujui. Ukiipiga sawasawa inageuka vumbi hewani, na wote wanapiga kelele: "Vumbi!" Hiyo ndiyo alama. Jiwe likiigusa tu na isipasuke, umekosa. "Haikupasuka, haiko," wanasema, na hakuna anayebisha.

Mimi nilikuwa na mtupaji. Alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama watu wote wa hapa wanavyowaita wakubwa wao. Tulitoka kwetu Bule pamoja, wakati watu wengi walipokuwa wanakimbia vita. Mama alikwenda Aru kwa ndugu zake na wadogo zetu, sisi wawili tukabaki Bunia kwa tantine, dada ya marehemu baba, ili mimi nisome. Tantine anauza makayabu sokoni. Anatoka asubuhi, anarudi amechoka na ananuka samaki wa chumvi, na hana maneno mengi. Mimi pia sina. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa inaongewa na yaya peke yake.

Yaya ndiye aliyenichongea manati kwa panda la mpera, akafunga mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki. Tantine alipoiona mkononi mwangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Mutoto mwanamuke na manati! Utaolewa na ndege?"

"Acha ajifunze, Tantine," yaya akasema. "Huyu hasemake. Wacha jiwe imusemee."

Nilikasirika, maana ilikuwa kweli.

Tulikuwa tunashuka bondeni jioni, siku za kazi, wanaume wakishaondoka. Yaya alitupa, mimi nikakosa. Alitupa tena, nikakosa tena. Halafu kichwa chake kilitokea shimoni, nywele zimejaa udongo.

"Unatazama nini?"

"Sahani."

"Uongo. Unatazama panda. Macho yako iko karibu, minasikia jiwe inachelewa."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa natazama panda, kisha sahani, kisha panda tena, kama mtu anayesoma swali na kuangalia saa. Aliniambia nisahau kabisa kwamba nimeshika kitu. Macho yakae kwenye ukingo wa mbele wa sahani, mikono itafuata yenyewe.

Siku nyingine aliniambia: "Sahani inakimbia, na weye unatuma jiwe fasi ilikuwa. Tuma fasi inaenda. Mutoto akikimbia barabarani, unamufuata nyuma? Unamukatia njia mbele."

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilikuwa nafuata sahani vizuri, namwita yaya kimoyomoyo aone, halafu dakika ya kuachia nilikuwa nasimamisha mkono. Nilitaka kuhakikisha kwanza. Mkono ukisimama, sahani haisimami, na jiwe linapita nyuma yake. Ndivyo nilivyo hata darasani. Jibu ninalo, nalishika mdomoni, nalihakikisha, na mwenzangu ameshalisema.

"Mukono usilale!" yaya alikuwa anapiga kelele kutoka shimoni. "Achilia huku unaenda!"

Na mimi sikuwa nasema "Leta!" Nilikuwa nagonga udongo kwa kisigino, naye alikuwa anasikia kule chini na kurusha. Sikuona kwamba ni jambo. Tulikuwa wawili, na tulikuwa tunaelewana.

Kisha yaya akaenda Mongbwalu kuchimba dhahabu. Aliondoka na vijana wengine juu ya lori, na hakunipungia mkono kwa sababu alikuwa ameshika turubai. Niliporudi nyumbani tantine alikuwa anapepeta maharage. Aliniuliza kama amekwenda, nikasema ndiyo.

Siku ya Mungu iliyofuata nilishuka bondeni na manati yangu. Mkubwa wa mchezo ni kijana mmoja mrefu anayevaa kofia nyekundu hata jua likizama. Anapiga ngoma katika kwaya yetu. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, kana kwamba nimemficha mtu mgongoni.

"Weye uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Sasa nani atakutupia? Bikira Maria?"

Wakacheka. Nilicheka pia, nikakaa juu ya rundo la matofali mabovu, nikawatazama wakipiga wawili wawili. Kila mpigaji ana mtupaji wake, wakimaliza wanabadilishana. Wametupiana tangu wadogo, kila mmoja anajua mkono wa mwenzake. Ningeweza kuomba. Nilipanga maneno kabisa: "Samahani, kuna mtu anaweza kunitupia hata moja?" Niliyapanga mpaka watu wakaanza kupanda kurudi nyumbani.

Kwa hiyo nilijifunza peke yangu, kwa namna nilivyoweza. Nilitoboa sahani nikaining'iniza kwenye mti wa avoka nyuma ya nyumba, nikaisukuma ibembee. Ilinisaidia mkono kidogo. Lakini kitu kinachobembea kinarudi, unaweza kukingoja. Sahani ya bondeni hairudi. Nikajaribu kuziviringisha kwenye mteremko wa udongo na kuzipiga zikiwa zinashuka, nikawa hodari kwa vitu vinavyoshuka, jambo ambalo halina maana, kwa kuwa zetu zinapanda. Mwisho nilichagua mbayuwayu. Jioni wanapita chini chini juu ya mabati yetu, na mimi nilikuwa nasimama uani na manati isiyo na jiwe, nawafuata, navuta, naachia hewa. Wale wanageuka bila kukuambia. Ukisimamisha mkono kwao hubaki hata na mkia.

Mama jirani alimwita tantine kwenye uzio.

"Huyu mutoto wenu iko sawa? Kila siku anapigaka hewa."

"Iko sawa," tantine akasema. "Anatafuta bwana."

Nilisikia nikaingia ndani. Lakini mkono wangu ulikuwa umeacha kulala, nilijua hivyo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Yaya alikuwa anapiga simu kwenye simu ya tantine, akipata kilima chenye mtandao. Alisema nusu ya maneno, nusu nyingine ilikuwa upepo. Siku moja alisema atakuja kwa sikukuu ya mavuno ya kanisa letu.

"Andaa sahani," alisema. "Nitaingia shimoni mi mwenyewe. Yule wa kofia ataona."

Nilianza siku ileile. Nilichota udongo kwa beseni, nikautoa vijiwe kwa vidole, nikafinyanga sahani nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, zinalingana kama zimetoka kwenye mashine. Shida ilikuwa mvua. Ilinyesha kila alasiri, na sahani za udongo mkavu zikipata unyevu zinakuwa laini kama mkate kwenye chai. Nilizihamisha chini ya kitanda, zikaota ukungu. Nikaogopa kwamba yaya atafika na nitamwonyesha tope.

Ndipo nilipopata akili yangu ya ajabu. Wanaume wa matofali walikuwa wanapanga tanuru jipya. Nilimwomba mzee anayechoma aniruhusu niweke sahani zangu juu, kati ya tofali na tofali. Najua nimesema kwamba siwezi kuomba. Kwa ajili ya yaya niliweza.

"Ni za kupikia?" aliuliza.

"Za kuchezea, muzee."

"Basi weka."

Zilitoka nyekundu, kavu, nzuri, ukizigonga kwa ukucha zinalia. Nilizifuta moja moja kwa kitambaa. Kila sahani ya udongo uliochomwa inavunjika ikianguka, niliwaza, kwa hiyo hizi pia zitavunjika, na mvua haiziwezi. Nilizipanga kwenye beseni na majani ya ndizi katikati. Tantine alizitazama, akasema, "Zimependeza," na akaniachia beseni lake bila kuuliza nitalirudisha lini.

Usiku wa kuamkia sikukuu yaya akapiga. Barabara imekatika, lori limekwama, watu wamerudi kwa miguu. Nilisema hakuna neno. Aliniuliza kama nimekasirika, nikasema hakuna neno. Kisha mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilibeba beseni kichwani nikashuka. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshaziandaa, na kukaa nazo nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Bondeni walikuwa wengi kuliko siku zote, wamevaa nguo za kanisani, wamekunja suruali. Nililiweka beseni chini. Wakasogea kutazama zile sahani nyekundu.

"Nani atanitupia?" nikasema.

Maneno yalitoka hivyohivyo, bila samahani. Kila mmoja alimtazama mtupaji wake kama mtu anayeshika mfuko wake sokoni. Kisha yule wa kofia akajisugua mikono.

"Mi naingia. Tuone huyu wa kupiga mbayuwayu."

Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua. Aliruka shimoni na sahani zangu. Hakungoja niseme kitu. Alirusha alipotaka, kwa kucheza. Ya kwanza ilitoka nikiwa bado natafuta jiwe mfukoni. Wakacheka. Ya pili ilikwenda juu sana na nilikosa. Ya tatu ilitoka kushoto, chini, kwa kasi, na mimi sikuwa nawaza kitu, mkono ulikuwa unakwenda nayo na kuipita, nikaachia huku unaenda.

Ting!

Sahani ilitingishika hewani, ikaendelea na safari yake, ikaanguka kwenye udongo laini. Nzima.

"Haiko!" walipiga kelele.

"Niliipiga. Mumesikia."

"Sauti haiko vumbi! Haikupasuka, haiko!"

Akarusha nyingine, na safari hii haikuwa mchezo. Nikaipiga pia. Ting. Ikaanguka nzima. Iliyofuata vilevile. Jiwe langu liliruka kando kama limegonga ukuta. Sasa walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Yule wa kofia akapanda kutoka shimoni na sahani mkononi, akaigonga kwenye tofali mara mbili, akaigeuza, akanusa.

"Weye uliipika?"

Nikasema ndiyo.

"Uliipika! Batu, aliipika! Sasa hii ni sahani ama ni tofali?" Akaniinulia mbele ya macho. "Mama Tofali, juu ya nini ulipika?"

Ningeweza kusema ni kwa sababu ya mvua. Ningeweza kusema ni kwa sababu ya yaya. Nilisema, "Sijui."

Nilikaa palepale mpaka zamu za wengine zikaisha, kwa sababu njia ya kuondoka mbele yao ingekuwa ndefu mno. Vumbi, vumbi, vumbi. Walipopanda mikono yao ilikuwa mitupu, sahani zao zote zimekuwa udongo tena. Mimi nilishuka kwenye tope kuokota zangu. Hakuna iliyopotea. Nilipanda kilima na beseni zima, zito kama nilivyoshuka nalo.

Tantine alikuwa mlangoni. Alitazama beseni.

"Hamukucheza?"

"Tulicheza."

Akaniletea maji ya kunawa miguu, na hakuuliza tena. Nilitamani aulize.

Yaya alipopiga, nilimweleza. Alicheka sana, mpaka nikasikia watu wengine kule wanamwuliza kuna nini.

"Mudogo wangu! Udongo ukiingia moto, hakuna manati itauvunja. Lakini uliipiga?"

"Niliipiga. Nyingi."

"Huku zinapanda?"

"Zinapanda."

Nilisikia mashine inanguruma kule aliko, ya kusaga mawe.

"Sikiliza," akasema. "Usiningoje. Huku nimepata timu, sitakuya mbio. Tafuta mutu mwingine wa kukutupia."

"Ndiyo."

"Umesikia?"

"Nimesikia, yaya."

Nilimrudishia tantine simu nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Mbayuwayu walikuwepo. Sikuwafuata. Nililia kidogo, si kwa sababu ya sahani, na wiki ile nzima sikugusa manati.

Halafu siku ya Mungu iliyofuata nilishuka bila beseni. Nilijiambia naenda kutazama tu. Yule wa kofia alikuwa anazunguka shimo peke yake, amekasirika. Mtupaji wake amelazwa na malaria. Aliwauliza wengine, kila mmoja akamwambia ana mtu wake. Nilijua sura ile aliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeivaa mimi miezi yote.

"Mi naingia," nikasema.

"Weye? Unajua kutupa?"

Niliruka ndani.

Shimoni ni dunia nyingine. Huoni mpigaji, unaona ukuta wa udongo wenye alama za majembe, na kipande cha mbingu. Nilielewa kwamba yaya, jioni zile zote, hakuwahi kuniona nikipiga. Alikuwa anakaa humu na kusikiliza. "Leta!" Nikarusha. Vumbi la sahani lilinishukia kichwani na kuingia shingoni. "Leta!" Nilimtupia kushoto na kulia, nilimtupia juu na chini, kwa haki, kama ambavyo ningependa nitupiwe. Alipasua nyingi, akakosa chache.

"Uko na mukono muzuri, Mama Tofali," alisema alipokuja kunivuta kutoka shimoni. Akaanza kukunja manati yake.

Wengine walikuwa wameshaanza kupanda. Nilimwona anageuka na yeye. Maneno yalianza kujipanga mdomoni kama kawaida yao, na safari hii sikuyangoja yamalize.

"Sasa weye shuka. Zamu yangu."

"Mi nimevaa nguo ya kanisa."

"Na mimi pia."

Alitazama gauni langu, ambalo lilikuwa limejaa udongo mpaka kiunoni. Akatazama wenzake wanaopanda. Akavua kofia, akaiweka juu ya tofali kwa uangalifu, akachukua sahani zake zilizobaki, za udongo mbichi uliokauka vizuri, akashuka.

Nilisimama ukingoni. Kisigino changu kiligonga chini chenyewe. Hakuna kilichotoka. Bila shaka, yeye hajui habari ya kisigino.

"Leta," nikasema.

"Unasema nini?"

"Leta!"

Ikatoka kulia, juu, haraka. Niliifuata vizuri, na pale mwisho, kwa kutaka sana, mkono ukalala. Jiwe likapita nyuma. Sahani ikapinda, ikashuka, ikaanguka kwenye majani bila sauti.

"Ilipasuka?" aliuliza kutoka chini.

"Hapana."

Nilingoja acheke. Nilisikia anasogeza miguu kwenye tope, anatafuta pa kusimama.

"Ingine?"

"Ingine," nikasema.